Sijui Tena Yupi ni Opiyo

Mpendwa mshauri, kabla hujanicheka naomba unisaidie. Mimi ni mke wa Odero, fundi wa reli, tunakaa nyumba za reli hapa Nakuru, na mwezi jana Mungu alitupa mapacha wavulana, wamefanana hata kucha, kondo la nyuma moja, mkunga mwenyewe alishika mdomo. Kwetu Wajaluo anayetangulia kuzaliwa ni Opiyo na anayefuata ni Odongo, basi nikamfunga Opiyo uzi mwekundu mkononi, lakini Jumatatu tuliwaosha mimi na jirani yangu Nanyama, tukawapangusa, tukawalaza, na nilipomwaga maji nikakuta uzi uko ndani ya karai! Nanyama akauliza, "Mama Opiyo, sasa huyu ni nani?" nikajibu haraka, "Si ni Odongo," kumbe nadanganya, sijui. Mwisho wa mwezi mama mkwe anakuja kutoka Kisumu kufanya desturi ya mapacha, na atataka nimpe Opiyo kwanza, na nikikosea nimemwibia mwanangu jina lake maisha yote. Odero sijamwambia.

Awuor, Nakuru

Awuor, pole sana mama. Lakini Nanyama ulimdanganya kwa nini? Na baba wa watoto unamficha? Hapo umekosa, na ningekuwa karibu ningekufinya.

Sasa sikiliza. Nimezalisha wanawake miaka kumi na tisa, na jambo hili bado linanitetemesha. Mapacha kama wako hawaanzi wawili. Ni yai moja la mama na mbegu moja ya baba, mtoto mmoja, mdogo kuliko punje ya wimbi. Halafu siku zile za kwanza, wewe hata hujui una mimba, unachota maji yako mferejini na kupiga soga, yule mmoja anagawanyika, na kila upande unakuwa mtu kamili. Kwa nini? Nimewauliza madaktari, nao hawajui. Ee Mungu, wewe ni fundi! Wakati huo hakuna aliyetangulia. Kutangulia kulikuja siku ya uchungu tu.

Leo Odero akitoka kazini mwambie yote. Chagueni pamoja yupi ni Opiyo, kisha huyo mumnyoe kichwa. Kipara hakitoki kwa sabuni. Mama mkwe naye mwambie mwenyewe kabla hajapokea mtoto. Atafoka, mwache afoke.

Na siku Opiyo atakapouliza kama kweli ndiye aliyetangulia, mwambie walianza wakiwa mmoja. Odongo akiuliza, mjibu vivyo hivyo.