Jino la Nyangumi na Komeo Jipya

Dada Taraivini,

Huku kijijini mashelisheli yamezaa mpaka tunawapa nguruwe. Mkeka wa kanisa nimeumaliza, ila ukingo umepinda kidogo, maana mkono wangu wa kushoto bado haukunjuki vizuri.

Jana wakwe zangu walikuja kuomba msamaha kwa niaba ya mume wangu. Walileta jino la nyangumi, kubwa kuliko lile waliloombea msamaha wakati wa Pasaka. Baba alilipokea kwa mikono miwili, na unajua kwetu likishapokelewa hakuna wa kulizungumza tena jambo hilo. Bakuli la kinywaji cha kava likazunguka, kila mtu akanywa. Mimi sikuulizwa kitu.

Mama mkwe alikuwa mchangamfu kweli.

"Sakiusa ametengeneza nyumba, mwanangu! Ameweka hata komeo jipya mlango wa chumbani."

"Kwa ndani, mama?"

"Kwa nje, wewe! Tumechoka kukufuata huku kila mara."

Watu walicheka mpaka kava ikamwagika. Baba naye alicheka.

Narudi kwake leo baada ya ibada. Yale magauni uliyonitumia nimeyaacha hapa kwa Mama, usiulize kwa nini. Simu yangu Sakiusa anasema ataitunza yeye. Ukipiga akakwambia nimelala, usikubali, mwambie aniamshe mpaka uisikie sauti yangu. Usipoisikia, usimpigie Baba. Wapigie polisi.

Wabusu watoto.

Mdogo wako,
Unaisi