Papa Reine, na Picha ya Mlimani

Mwaka umetimia, mume wangu Eliezer Birindwa, tangu tupande mlima watu watano na kushuka wanne.

Uliomba ruhusa Jumamosi moja tu, kule ghalani Eagan ulikofanya kazi. Miaka saba Minnesota, na majani ya miti ya kaskazini, yanayogeuka mekundu kabla ya baridi, tulikuwa tunayasikia kwa wenzetu tu. "Na sisi tukaone," ulisema.

Nusu ya kanisa letu wewe ndiye uliyewafundisha kuendesha gari, na hukumkaripia mtu hata alipogonga nguzo. Nyumbani ulikuwa mkaidi. Chai isiyo na tangawizi uliirudisha jikoni. Mpaka leo napika ya watu wengi mno, halafu naimwaga.

Asubuhi ile mwanao Ntwali alikuletea raba. Mimi nikakataa. Picha zilikuwa za kwenda Bukavu kwa mama yako, na kwetu picha ya kutuma nyumbani ni ya kusimama, kichwa hadi viatu. Ikikata miguu, watasema huyu huko Amerika anatembea peku. Ukavaa suti na viatu vya kanisani, vyenye soli laini. Mvua ilikuwa imenyesha, njia nzima ni majani yaliyolowa.

Kule juu, penye jabali linalotazama ziwa, ulifunga kifungo cha koti ukasimama. Binti yetu Reine alishika simu. Ukapiga hatua moja nyuma, ukateleza, ukaporomoka. Mdogo wako Mugisho aliteremka akikuita. Alipokufikia hukuitika.

Kwenye matanga watu waliuliza nani alikuambia urudi nyuma. Nikanyamaza. Wakamtazama Reine, kwa kuwa simu ilikuwa mkononi mwake, nami nikaacha wamtazame. Ana miaka kumi na sita. Tangu siku hiyo hali chakula na sisi mezani, na nikimsemesha ananijibu Kiingereza, neno moja.

Papa Reine, naandika tangazo hili la kumbukumbu lisomwe hapa na Bukavu. Mtoto hakusema kitu. Ni mimi niliyesema, "Rudi kidogo, viatu havionekani." Nimekuwa mwoga mwaka mzima. Nisamehe wewe. Yeye nilimwomba msamaha juzi, na bado hajanijibu.

Hatukusahau hata siku moja: binti yako Reine, mwanao Ntwali, mdogo wako Mugisho, mama yako Ernestine huko Bukavu, na mimi mkeo Euphrasie. Reine mwenyewe ndiye aliyeomba jina lake na langu yasikae pamoja.