Paa la Pikapu

Mabatini, Mwanza
Jumapili, baada ya misa

Mama, shikamoo.

Huku hatujambo. Mvua zimewahi, na mpunga wa Kisesa unapendeza. Nakuandikia kwa sababu haya hayasemeki mkwe na mkwe wakitazamana, na hata kwenye simu ulimi unakuwa mzito.

Ile pikapu nimeitengeneza upya. Nimefunga tabo mpya ya kuipa injini nguvu, sasa inapanda mlima bila kuhema. Springi ngumu nimezitoa nikaweka laini, hata kwenye mashimo hutikisiki. Fundi ameirefusha kabini, ikapata siti za nyuma, nami nimetundika pazia katikati ili mama mkwe akae humo bila kuvunja heshima. Watu wanalicheka hilo pazia. Wacheke.

Siku ile mke wangu, mwanao Dorcas, alipozidiwa, hukukubali kukaa mbele pamoja nami. Ulipanda nyuma kwenye bodi, mvua ikikunyeshea, na mke wangu akabaki ameegemea mlango bila wa kumshika. Pale mlimani, gari likijikongoja, ukagonga paa kwa nguvu. Nikadhani unanihimiza, nikakanyaga mafuta. Tulipofika hospitali mwili wake ulikuwa umeshapoa.

Sasa kila nikipita mlima ule, paa linagongwa. Nasimama, nashuka, natazama nyuma. Hakuna mtu.

Tangu msiba hatujaulizana. Mama, kwenye kile kioo cha nyuma ya kabini uliona nini mle ndani? Ulipogonga, ulitaka nikimbize gari, au nisimame?

Mkweo,
Antoni