Mtafsiri wa Filamu Zisizo na Rangi

Jumatatu, 8 Septemba

Sauti imekwisha tena. Nimetafsiri filamu mbili za ngumi, mfululizo, kwa watu wasiohitaji mtafsiri ili waelewe ngumi. Shahada yangu imo sandukuni, chini ya mashati. Barua ya ajira haijaja; huu ni mwezi wa saba. Bi. Mwajuma, mjane mwenye banda hili la video, huniita Msomi, na hulitamka neno hilo kama anayetaja ugonjwa. Leo ameleta kutoka mnadani boksi la kanda za mzungu mmoja aliyehama. Tumejaribu moja. Haina rangi.

"Deki imekufa," akasema.

Deki ni nzima. Filamu ndiyo ya zamani. Anataka kuzifuta zote arekodie mpira. Mzee Silvesta, fundi anayesafisha vichwa vya deki kwa spiriti na kitambaa, amemwomba asubiri siku mbili. Sikuwahi kumsikia mzee huyo akiomba kitu.

Jumatano, 10 Septemba

Asubuhi, banda tupu. Tumeitazama filamu ile wawili tu, mimi na Silvesta. Mlinzi wa mnara wa taa anapokea barua zilizoandikwa kwa mtangulizi wake aliyekufa. Anazifungua. Basi. Bunduki yaonekana mara moja tu, mwishoni, na haifyatuliwi. Nami nilikuwa nimeling'ang'ania benchi kwa mikono miwili. Nimesoma riwaya nyingi, za kwetu na za mbali. Sikujua kwamba bahasha yaweza kutisha kuliko panga. Wiki iliyopita nilimbishia mzee huyu kwamba filamu si sanaa. Naona haya.

Alinionyesha mambo ambayo macho yangu yaliyapita: jinsi kamera inavyobaki mlangoni baada ya mtu kuondoka, jinsi mlio wa mawimbi unavyokatwa ghafla. Nikamuuliza ameyajuaje. Akaniambia. Alikuwa fundi wa projekta katika jumba la sinema Bujumbura, miaka kumi na tisa, mpaka vita vikamvusha ziwa. Hapa Ujiji wote wanamjua kama Muha wa Kasulu. Kiha na Kirundi ni ndugu. Mtu makini hupita. Alitoroka kambini kwa ajili ya mkewe, ambaye kifua chake hakikuweza vumbi na moshi wa kule. Wamepanga chumba Buzebazeba. Mkimbizi akikutwa nje ya kambi bila kibali, hurudishwa.

Alisema yote hayo kwa sauti ya kawaida, akikunja kitambaa chake. Sikumwomba siri hiyo. Amenipa tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Onyesho la kwanza la mlinzi wa mnara. Aibu tupu.

Desturi ya mtafsiri wa banda ni kuitangulia filamu. Humwambia mtazamaji nani ni stelingi, nani ni adui, nani atakufa na kwa nini amestahili. Nikafanya hivyo, kwa Kiswahili kilichonyooka. Wakazomea.

"Msomi, stelingi anapigana lini?"

"Bado anasoma barua! Huyo ni stelingi au tarishi?"

Nusu ya watu wakatoka. Baadaye Silvesta akaniambia, "Umewalisha kila kitu mapema, mwanangu. Aliyeshiba hakodolei chungu macho." Nilimbishia nusu saa nzima, kwa hoja nzuri. Yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Nimechoka kuwa na hoja nzuri.

Jumamosi, 13 Septemba

Mbalamwezi inakaribia. Wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, kwa hiyo banda limejaa tangu saa tisa alasiri. Nimetafsiri maneno yaliyosemwa tu. Penye kimya, nimenyamaza. Kunyamaza na kipaza sauti mkononi ni kazi ngumu kuliko mtihani wowote nilioufanya chuoni Mlimani.

Kwanza wakanong'ona. Kisha hata mnong'ono ukakoma. Ilipofika bahasha ya nne, mvuvi mmoja wa makamo akasimama na kuikemea televisheni: "Usiifungue, mjinga wewe!" Hakuna aliyecheka. Bi. Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni, kiganja mdomoni, watu wawili wakimpita bila tiketi.

Silvesta alikuwa nyuma ya pazia, karibu na deki, mahali pake pa siku zote. Nilimwona akitabasamu. Baadaye nimejilaza kama mgonjwa, na bado nimechoka. Lakini ni uchovu wa namna nyingine.

Jumapili, 14 Septemba

Niandike kama lilivyotokea, bila kujipamba.

Baada ya onyesho, mwalimu mmoja wa sekondari, mtu wa suti, alisimama kutoa maoni. Akasema filamu kama hii ni ya watu waliostaarabika. Akasema mji umejaa Warundi waliozoea foleni ya unga wa msaada, wasiojua hata televisheni inatazamwa upande gani. Watu wakacheka. Mimi nilikuwa na kipaza sauti. Nikamjibu kwamba ustaarabu haupimwi kwa suti. Akaniuliza, mbele ya watu wote, "Wewe kunyamaza umefundishwa na nani, Msomi? Maana kwa asili hukujaliwa."

Kicheko kikubwa. Kilinichoma.

Nikasema, "Nimefundishwa na Mrundi. Yumo nyuma ya pazia hili. Alikuwa akiwaonyesha watu filamu hizi Bujumbura wakati wewe hujaona umeme."

Wakapiga makofi. Mwalimu akaketi. Nilishinda.

Ndipo nikasikia mwangwi wa neno langu la mwisho ukirudi kutoka nje. Bi. Mwajuma ametundika spika juu ya mlango, imeelekea sokoni, ili kuvuta wateja. Mimi mwenyewe nilimsaidia kuifunga. Soko zima limesikia.

Silvesta hakutoka nyuma ya pazia mpaka banda lilipobaki tupu.

Jumanne, 16 Septemba

Amekuja kazini kama kawaida. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Basi. Akasafisha deki ambayo haikuwa na uchafu.

Mgambo wamepita mara mbili. Bi. Mwajuma hakunipigia kelele, heri angenipigia. Alisema, "Mdomo wako umesoma kuliko kichwa chako," akaenda zake.

Nimemshauri Silvesta wahamie Simbo, kwa shangazi yangu, shambani, mpaka mambo yapoe. Akasema mkewe hawezi kutembea hata hadi kisimani. Nikasema nitatafuta baiskeli ya kumbeba. Akasema atafikiri. Nilijua kwamba hafikiri. Amechoka kukimbia, nami ndiye niliyempangia kukimbia tena.

Alhamisi, 18 Septemba

Wamemchukua Silvesta na mkewe asubuhi. Lori, mgambo wawili, mtu mmoja wa ofisi ya wakimbizi na daftari lake. Hawakuwapiga, hawakutukana. Walimsaidia mama kupanda.

Nilifika nikikimbia, shahada mkononi, kama mpumbavu. Nikaanza kubisha: ugonjwa wa mama, ubinadamu, sheria, miaka ambayo mzee amefanya kazi bila kumdhuru mtu. Nilibisha vizuri. Mtu wa ofisini alinisikiliza hadi mwisho, bila kunikata. Kisha akauliza, "Ni wewe uliyesema kwenye spika?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa unabisha nini?"

Lori likaondoka. Silvesta alikuwa ameshika kichwa cha mkewe kisigonge bodi.

Ijumaa, 26 Septemba

Bi. Mwajuma anauliza nitarudi lini. Kanda bado kumi. Sijui. Nimeandika barua tatu kuomba mama apewe kibali cha matibabu mjini. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu imejibiwa: mgonjwa ahudumiwe kwanza kwenye zahanati ya kambi. Nimepewa ruhusa ya kuwatembelea siku moja. Nasinzia mezani. Sisomi kitu.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimefika kambini saa nne. Mama alikuwa amelala nje kwenye mkeka, chini ya kivuli cha kanga iliyotundikwa. "Amahoro," akanisalimu kwa Kirundi chake, sauti ndogo sana. Anakohoa zaidi.

Nilikuwa nimetunga maneno ya kuomba radhi, yenye sehemu tatu. Nilifika sehemu ya kwanza tu.

"Ulikuwa unanitetea," Silvesta akasema. "Najua. Lakini hukuniuliza."

Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Mawingu yalikuwa yamejikusanya upande wa milimani, mvua ya kwanza. Akanipa ncha ya turubai, akaniambia nivute. Nikavuta. Yeye akafunga. Tukaenda pembe nyingine, kisha nyingine, mpaka zote nne zikakaza.

Lori la kurudi mjini likapiga honi. Hakunisindikiza. Alikuwa ameshaanza kuchimba mfereji wa kupitishia maji, upande aliolazia mkewe kichwa.