Vidonge Alivyomeza Kaka Yako

Kibanda cha Kinyozi,
Mlango wa pili kutoka kwa fundi viatu.
Alhamisi, 14 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, goti lako limetulia na wadogo zangu hapo kwako wanakula bila kubembelezwa. Sisi huku tunapumua. Ama mimi mwanao, ndiye kinyozi hodari kuliko wote walioshika mashine tangu binadamu aanze kuota nywele. Wateja wanasinzia kwenye kiti changu. Juzi nilimnyoa mzee mwenye upara, akatoka amependeza, na mpaka leo hakuna anayejua nilinyoa nini.

Naandika kwa sababu simu za mama hupokei. Tumesikia umesema yeye ndiye aliyemlisha kaka yako vidonge vilivyomlaza hospitali, na kwamba hutakanyaga nyumba hii wifi yako akiwemo. Mama anafua shuka za hospitali, anaanika, anakunja. Nikasema basi nimweleze mimi shangazi tangu mwanzo, maana mimi nilikuwepo, na kwa kueleza hunijui?

Ulipoondoka, baba alikuwa na mabaka mawili tu, moja kila kiwiko. Yakapanda kichwani, yakashuka mgongoni. Juu magamba meupe, chini ngozi nene, rangi ya zambarau iliyokolea. Akiinama kunyoa mtu, unga unamdondokea mteja begani. Fundi bomba, ambaye baba amemnyoa tangu akiwa na kichwa cha kitoto, siku moja alisimama mlangoni akasema atanisubiri mimi nimalize. Baba alikuwa amekaa bure. Akachukua taulo lililokunjwa, akalikunja tena.

Ugonjwa wenyewe unaitwa soriasisi na hauambukizi hata ukilala nao shuka moja. Lakini nani atamwambia hivyo mtu anayeogopa kiti?

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, kwa hiyo mwanawe nikajitolea. Nilimkalisha baba, nikafungua wembe mpya, nikakwangua magamba yote mpaka kichwa kikang'aa, kisha nikampaka spiriti. Vidole vyake vya miguu vilijikunja ndani ya kandambili. Nikatamba kutwa nzima kwamba nimemponya kwa wembe mmoja. Baada ya wiki mbili mabaka mapya yakaota palepale wembe ulipopita, yamenyooka kama yamepigwa rula. Kumbe ngozi ya namna ile ukiijeruhi ndiyo unaialika. Hilo ni kosa la kinyozi, daktari yeyote angelijua. Fundi viatu alicheka wiki nzima, akaniita Daktari Wembe.

Ndipo vikaja vile vidonge. Ndani ya siku kumi ngozi ikatakata, shangazi, ungemwona. Akavaa shati la mikono mifupi. Fundi bomba akarudi kwenye kiti chake bila haya, na baba akamnyoa bila kinyongo. Kisha vidonge vikaisha. Siku ya nne baba akaanza kutetemeka katikati ya jua. Mwili mzima ukawaka, kuanzia utosi mpaka nyayo, ukawa unabanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Fundi bomba huyohuyo ndiye aliyempeleka hospitali kwa gari lake, baba kajilaza juu ya mabomba.

Daktari wa ngozi ni mama mmoja mfupi, haongei sana. Nilimwambia na mimi ni mtaalamu wa vichwa. Hakucheka. Ila alipoona nauliza sana, alinieleza, na mimi kichwa changu hakivuji ingawa shule tuliachana mapema.

Alisema askari wa mwili, wale wa kupigana na magonjwa, wamechanganyikiwa wanaipiga ngozi yenyewe. Ngozi ya mtu mwenye afya hujibadilisha kwa mwezi, ya baba kwa siku chache, kwa hiyo inarundikana. Chanzo kiko kwenye damu ya ukoo, kisha kinachokozwa na jeraha, mawazo, pombe, sigara, ugonjwa wa koo, au dawa fulani. Kwa hiyo kagua viwiko vyako, shangazi. Nyinyi ni tumbo moja, na ule ukavu wako unaousingizia sabuni mimi nimeuona.

Aina ziko nyingi. Ya mabaka mazito ndiyo aliyokuwa nayo baba. Iko ya vidoadoa kama matone, hupenda vijana. Iko inayojificha kwapani na kwenye mikunjo, haina magamba, inateleza tu. Iko ya vipele vya usaha. Na iko inayoshika mwili mzima, ndiyo hii aliyonayo sasa. Hiyo huua. Mwili unapoteza maji na joto, ndiyo maana alitetemeka juani.

Dawa ya kuimaliza kabisa haipo, ya kuituliza ipo. Wenye mabaka machache hupakwa marhamu, nyingine za kulainisha magamba, nyingine za kupunguza kasi ya ngozi. Wengine husimama mbele ya taa maalumu. Baba yeye, baada ya kulowekwa kwenye mafuta kama andazi, ameanzishiwa kidonge cha mara moja kwa wiki, na anapimwa damu kila mara kuangalia ini. Kikishindwa, ziko sindano mpya, zikipatikana.

Wiki ya tatu sasa. Homa imeshuka. Ila viganja vimepasuka na hawezi kukunja vidole. Nilimuuliza daktari kama atashika mashine tena. Alisema tusubiri.

Siku ile ya kwanza alitaka kujua vile vidonge baba alivipata wapi. Alisema ni dawa kali, hazitolewi kwa ugonjwa huu hovyo, na mtu akiziacha ghafla ngozi hulipuka. Baba akajibu, "Nilipewa hapahapa, kliniki." Daktari akafungua kadi. Kurasa za mwaka huu zilikuwa nyeupe. Baba akanitazama mimi, akatazama dari. Mama akasema, "Nilinunua mimi, dukani." Daktari akaandika.

Hayo ndiyo uliyoyasikia.

Mimi sijalia. Mama amelia kwa niaba ya wote, kisha naye akaacha. Nanyoa vichwa kumi na sita kwa siku, jioni sikumbuki hata sikio la mtu. Utani nautoa bado, unatoka wenyewe, mimi nikiwa nimesimama pembeni.

Nisalimie watoto wote, na Bibi Kizee wa chumba cha uani, mwambie ndevu zake nitakuja kuzipunguza mwenyewe. Fundi viatu anakusalimu. Mungu akuzungushie heri pande zote, na goti likupe ruhusa ya kuja.

Nilitaka kuishia hapo, karatasi ikabaki. Shangazi, si mama. Baba alinituma mimi na kadi yake kliniki, nikamchukulie namba ya kumwona daktari. Foleni ilikuwa ndefu. Nikakaa saa mbili, nikaona mtu kama mimi hasubiri. Nikaenda kwa muuza dawa, nikamweleza kwa maneno makubwa, akanipa. Nyumbani nikasema nimemwona daktari mkuu, tumeongea kama marafiki, amesema umeze vitatu kila asubuhi. Hesabu ya vitatu niliitunga njiani.

Vilipoisha baba aliniuliza, "Daktari amesema niache tu hivihivi, nisirudi?" Nikamwambia ndiyo, baba, amesema umepona.

Mpigie mama.

Wako akupendaye, ambaye hajamwambia mtu mwingine,

Profesa