Chazo wa Nyuma ya Lori

Jumatatu, 3 Machi
Unga umepakiwa saa moja. Dizeli nusu tangi. Na yule wa baiskeli yuko nyuma tena. Miaka miwili sasa, kila asubuhi nikitoka kiwandani karibu na mtaa wa Kwa Njenga, ananingoja mwinuko wa daraja unapoanza. Anashika chuma cha nyuma kwa mkono mmoja, anavutwa mpaka Kayole. Mtu mzima, ana mvi. Kazi yake kunoa visu vya mabucha. Baiskeli imebeba jiwe la kunolea, visu na panga. Miguu hachezeshi hata kidogo. Simpendi.

Jumanne, 4 Machi
Kwetu Vanga kuna samaki anaitwa chazo. Ana kibapa utosini. Anajibandika nacho kwa papa na kutembezwa bahari nzima bure. Huyu wangu ni yule yule, ila ana baiskeli.

Akiingia chini ya tairi, nani atafungwa? Mimi. Tajiri, mwenye lori, alishamwachisha kazi utingo wangu, nafanya kazi peke yangu. Na ameniambia wazi: kosa moja kubwa, nirudishe funguo. Nina miaka hamsini na mbili. Nani ataniajiri?

Jumatano, 5 Machi
Nimepaka chuma grisi. Nyingi. Alishika, akateleza, akaburura kiwiko kwenye lami hadi ukingoni. Nilimwona kwenye kioo, akiokota visu. Nimecheka peke yangu mpaka Kayole. Sioni aibu.

Alhamisi, 6 Machi
Hayupo. Safari tamu. Kisha nafika Kayole, turubali limechanwa, marobota matatu ya unga hayapo. Wezi wamepanda mwinukoni, nilipokuwa natambaa. Tajiri amenifokea kwenye simu. Ikitokea tena, funguo.

Ijumaa, 7 Machi
Leo nimepona kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na gari la polisi. Nimemuuliza mama anayeuza njugu pale mwinukoni kama amewaona wezi. Amenicheka.

"Dere, si ni wewe ulimwangusha yule mzee wa visu? Hao vijana walikuwa wanaogopa panga yake. Wakikaribia gari yako, anawatolea."

Miaka miwili! Na yule mzee hakuwahi kuniambia. Nimemkasirikia. Nimejikasirikia zaidi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemkuta kwenye bucha moja Kayole, ananoa. Kiwiko kimefungwa kitambaa. Njia nzima nilikuwa nimepanga kuomba msamaha. Mdomo ukakataa. Nikamwambia tu nimefuta grisi, Jumatatu ashike. Hakuinua uso.

"Gari ni mingi, mzee."

Jeuri. Nimefika nyumbani nikamgombeza mke wangu bure.

Jumatatu, 10 Machi
Mwinukoni nimepunguza mwendo, karibu nisimame, nimpe nafasi ya kushika. Amenipita akiwa ameshika lori la saruji. Hakugeuka. Nilikuwa bado polepole vile vile, namtazama, niliposikia turubali likichanika nyuma.

Nimempa tajiri funguo saa nne. Amezipokea, akazitia mfukoni. Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani.