Dawa Juu ya Stuli

Kiuu, Ruiru
8 Machi 2025

Mama mpendwa,

Natumai umeamka vizuri na goti limekuachia kidogo. Sisi huku tuko salama. Mjukuu wako Byron anauliza kama kuku mweusi ameangua.

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Nikitaja kliniki unasema, "Haloo? Haloo? Sikusikii," halafu unakata. Nikitaja sukari ninayokutumia, unasikia vizuri sana. Barua haina mtandao mbaya. Nampa Kivuva, yule mwuza mayai. Akija huko Thika kuchukua mayai ya kuleta Githurai 45, atakuwekea mkononi.

Mdogo wangu Lynn ameniambia kwamba Jumanne ulivaa kile kitambaa chako cha kanisani, ukaenda zahanati, ukarudi bila kupimwa presha. Kwa nini, Mama? Mume wake, Kahiga, ndiye anayepima watu pale. Wengine wanamtafuta mtu wa kuwapima, na wewe una mkwe mwenye mashine, lakini unarudi nyumbani!

Baba hakuugua. Hilo ndilo linaloniuma. Aliamka, akanywa chai, akauliza kofia yake iko wapi, akainama kufunga kamba za viatu. Kimoja alifunga. Daktari alisema moyo wake ulikuwa umechoka kwa miaka mingi kwa sababu ya presha ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipima. Na miaka hiyo yote sisi tulikuwa tukisema Baba ana nguvu kama fahali.

Nenda upimwe. Sikuombi kingine.

Mwanao,
Nafuna


Makongeni, Thika
16 Machi 2025

Nafuna mwanangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Goti linaendelea vyema. Barua yako imefika, ila yai moja la Kivuva lilipasukia juu yake, kwa hiyo kama kuna mahali ulinifokea, sikupaona.

Presha ni ugonjwa wa watu wenye mawazo. Mimi nalala, nakula, nabeba ndoo yangu ya maji bila kuhema. Tena Mama Jackie, jirani yangu hapa ploti, alienda kupimwa akiwa mzima kabisa, akarudi na presha. Asingeenda asingekuwa nayo.

Mwambie Byron kuku ameangua vifaranga saba, kimoja ni kilema lakini ndicho kinachokimbia kuliko wote.

Viatu vya baba yako bado viko chini ya kitanda. Kile alichokifunga walikivua hivyo hivyo. Sijaifungua kamba.

Ni mimi,
Mama yako


Kiuu, Ruiru
23 Machi 2025

Mama,

Salamu. Tuko wazima, isipokuwa kichwa changu kinagonga tangu juzi. Ni moshi wa jiko, na ni wewe.

Mama Jackie alikwenda na presha yake kutoka nyumbani! Mashine haigawi ugonjwa. Ilimwonyesha tu kitu ambacho alikuwa amekibeba, na leo anameza dawa na anaishi. Na Baba alikuwa na mawazo gani? Alikuwa akipiga mluzi asubuhi ile. Wewe mwenyewe ulimwambia aache, anakuchanganyia hesabu ya vijiko vya majani chai.

Kupimwa ni kwa mtu anayejisikia mzima. Aliyeanguka hahitaji kuambiwa kuwa ameanguka. Kwa umri wako, na kwa vile bibi, mama yako, naye alianguka shambani akiwa na jembe mkononi, inafaa upimwe mara kwa mara: presha, sukari, na mafuta kwenye damu. Si mara moja halafu basi.

Na chumvi uiondoe mezani. Najua unaongeza kabla ya kuonja.

Mwanao aliyechoka,
Nafuna


Makongeni, Thika
6 Aprili 2025

Nafuna mwanangu,

Natumai kichwa kimetulia. Kunywa maji.

Nilikwenda, usiseme sikwenda. Nilipewa nambari, nikakaa kwenye benchi. Tulizungumza vizuri na mzee mmoja wa Witeithie aliyekuja kumsindikiza mkewe. Walipobaki watu wawili mbele yangu, nikakumbuka kwamba sikuwafungia kuku.

Nitaenda tena mvua ikipungua. Chumvi nimeipeleka kwenye kabati la juu. Kuifikia ni lazima nipande stuli, na goti halitaki.

Ni mimi,
Mama yako


Kiuu, Ruiru
12 Aprili 2025

Mama,

Kuku!

Tulimzika Baba mwezi wa kwanza. Sasa ni wa nne, na mimi nashindana na kuku. Kila simu ya Lynn ikiita, kabla sijaipokea, nafikiri ni wewe umeanguka. Napika chapati pale kibandani nikisikiliza simu. Nimeunguza ngapi sijui.

Sina maneno mengine. Usiniandikie tena mpaka upimwe.

Nafuna


Makongeni, Thika
25 Mei 2025

Nafuna mwanangu,

Nakusalimu, ingawa ulinikataza. Sijapimwa, na bado ninaandika. Kivuva aliniambia ulifunga kibanda siku mbili kwa ajili ya kichwa, nikaona nisinyamaze zaidi.

Nitakwambia ukweli, na ukicheka ucheke huko huko Ruiru.

Sio foleni wala kuku. Ni Kahiga.

Wewe unajua kwetu Kimilili mama mkwe na mkwe hawagusani. Hawali pamoja, hawashikani mkono, wakikutana njiani mmoja anapisha. Si chuki, ni heshima. Lynn alizaliwa hapa Thika, mambo hayo aliyasikia kama hadithi, na Kahiga ni kijana wa Murang'a, atayajulia wapi? Siku ya mazishi kule Kimilili, jeneza lilipokuwa likishuka, alikuja akanikumbatia mbele ya wazee wote. Nilisimama kama mlingoti. Shangazi zako walifunika midomo. Mmoja aliniuliza baadaye, "Kumbe huko Thika mnafanya hivyo?"

Sikumkasirikia. Alikuwa akilia, machozi yake yalinilowesha bega. Baba yako alimpenda sana. Lakini tangu siku hiyo nikimwona naona aibu mpya. Sasa nimpe mkono wangu mtupu, anifunge kile kitambaa cha mashine, anishike hapa ndani ya kiwiko? Nitatazama wapi?

Na nikienda kupimwa kwingine, watu watauliza kwa nini namkimbia mkwe wangu. Watasema hajui kazi. Ana jina zuri pale, siwezi kumharibia.

Kila nikikaa kwenye benchi namwona kupitia mlango. Anaandaa mashine, anatabasamu kwa wazee. Nami nainuka.

Ni mimi,
Mama yako


Kiuu, Ruiru
29 Mei 2025

Mama yangu,

Salamu nyingi, na samahani kwa barua ile ya mwisho.

Nilicheka mpaka mteja akaacha kutafuna. Halafu nikalia, naye akalipa akaondoka. Lakini Mama! Miezi mitatu! Ungesema neno moja tu. Nimekufokea kama mtoto mtoro wa shule, kumbe ulikuwa unamheshimu mtu.

Nilimwambia Lynn, Lynn akamwambia Kahiga. Anasema Kahiga aliacha chai ikapoa. Unajua alikuwa akifikiria nini? Alikuwa akikuona kila unapoinuka kwenye benchi. Alidhani unamlaumu kwa ajili ya Baba: mkwe anayepima nusu ya Makongeni, na hakumpima baba mkwe wake. Alisema, "Mama hataki hata nimguse," kumbe ni kweli, lakini si kwa maana aliyoiogopa.

Jumatano atakuwepo Wakonyo, yule nesi wa siku nyingi. Yeye ndiye atakayekupima. Kahiga atakaa chumba cha pili. Wafungie kuku mapema!

Mwanao,
Nafuna


Makongeni, Thika
15 Juni 2025

Nafuna mwanangu,

Nakusalimu, na leo nina mengi.

Nilikwenda. Wakonyo alinikalisha kwanza, akanikataza kuongea. Nikamwambia mimi siwezi kukaa bila kuongea. Akasema, "Basi utatoka na presha ya mdomo." Akanifunga kitambaa, kikanibana kama mtu anayenidai. Akapima, tukangoja, akapima tena.

Kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao nikasikia, "Ngapi?"

"Mia na sabini na nne," Wakonyo akasema.

Kule ng'ambo kiti kilianguka.

Wakonyo akanitazama. "Mama, na hii ulikuwa unabeba ndoo nayo?" Nikasema nilikuwa nabeba bila kuhema. Akasema, "Ndiyo ubaya wake. Haipigi hodi."

Amenipa tarehe ya kurudi, na nyingine baada ya hiyo. Alisema dawa hii nimeze kila siku, nikiwa mzima, hata siku ninayoimba. Presha ikishuka nisiseme nimepona nikaacha, maana ni dawa ndiyo inaishikilia. Damu pia walichukua, wapime sukari na mafuta. Mguu wa kuku nile, ngozi niwaachie paka.

Sasa sikiliza. Dawa inatolewa na Kahiga. Nikafikiri, hapa tumekwama. Akaja mpaka mlangoni, macho chini. Akaweka dawa juu ya stuli, akakohoa kidogo, akaondoka.

Nafuna, nilikaa pale nikashindwa kuinuka.

Hukumkuta baba yako akiwa kijana. Kila tulipoenda kwa mama yangu, aliweka paketi ya sukari juu ya stuli mlangoni, akakohoa, akaenda kusimama karibu na mahindi akiwa ametupa mgongo. Mama yangu alitoka, akaichukua, akasema kwa sauti, kama anaongea na ukuta, "Huyu aliyezaliwa vizuri ni wa nani?" Na baba yako huko kwenye mahindi alikuwa akitabasamu peke yake. Hawakuwahi kushikana mkono, na mama yangu hakuwahi kunywa chai bila sukari.

Nilimuuliza Lynn nani alimfundisha Kahiga kukohoa. Alisema ni baba yako. Walipooana alimwita kando, akamweleza jinsi alivyofanya yeye. Kahiga alidhani ni hadithi ya wazee, mpaka juzi.

Niliporudi kuonyesha presha, nilimpelekea mayai. Niliyaweka juu ya stuli, nikakohoa. Nikamsikia akicheka kule ndani.

Ile kamba ya kiatu nimeifungua. Fundo lilikuwa gumu, alikuwa anafunga kwa nguvu.

Jambo la mwisho. Wakonyo aliniuliza watoto wa marehemu wamepimwa lini. Nikasema Lynn hupimwa na mumewe. Akauliza, na yule wa Ruiru? Nikasema yule kazi yake ni kupima wengine kwa barua. Hakucheka. Aliuliza kama unaumwa na kichwa.

Nikakumbuka jiko lako, mwanangu. Wewe unasema ni moshi. Mimi nilisema ni kuku.

Kwa hiyo nami nakuambia ulivyoniambia: usiniandikie tena mpaka upimwe.

Ni mimi,
Mama yako


Kiuu, Ruiru
6 Julai 2025

Mama mpendwa,

Habari ya goti, na ya kifaranga kilema?

Kama unavyoona, nakuandikia.

Haikuwa moshi. Nimeanza dawa wiki hii. Nimeiweka kwenye stuli ya jikoni, na Byron kila asubuhi anakuja kukohoa.

Mwanao,
Nafuna